Ua la Noeli limewaka mwezi wa saba: je, limekosea?

"Jambo, Papa Agronomi. Desemba ya mwaka juzi nilinunua ua la Noeli kwenye chungu kidogo, fupi, limejaa wekundu, likapendeza sana mezani. Baada ya sikukuu nikalipanda chini, karibu na lango la lupango yetu, yaani uwanja wa nyumba, hapa Kampemba, Lubumbashi. Sasa limekuwa mti, linanipita urefu. Noeli iliyopita nililingoja, likabaki kijani tupu mbele ya wageni. Halafu mwaka huu, mwezi wa tano, likaanza kugeuka rangi lenyewe, na sasa Julai limewaka kabisa. Lakini ni upande wa ndani tu. Upande wa lango, penye taa, bado ni kijani. Jirani mmoja anasema ni baridi inayolipa rangi, mwingine anasema ua limepotea akili. Nifanye nini liwe jekundu Desemba? Niweke mbolea gani? Na tena nina wajukuu wawili wadogo: ni kweli maziwa yake yanaua mtoto? Niling'oe?"

Jambo sana, Mama. Nianze na wajukuu. Rangi inaweza kungoja kidogo.

Usiling'oe. Maziwa ya ua la Noeli, yaani poinsetia, hayaui mtoto. Uvumi huo una zaidi ya miaka 100: ulitoka Hawaii mwaka 1919, iliposemekana kwamba mtoto wa miaka miwili alikufa kwa kutafuna jani lake, habari ambayo baadaye haikupata uthibitisho. Ikazunguka dunia hata hivyo, maana habari ya sumu haiombi viza. Huko Marekani, ambako ua hili huingia majumbani kwa mamilioni kila Desemba, watafiti walipitia taarifa 22,793 zilizofika kwenye vituo vya ushauri wa sumu na kuchapisha hesabu yao mwaka 1996. Hakuna aliyekufa, na zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawakupata dalili yoyote.

Hiyo haina maana kwamba maziwa yale ni ya kuchezea. Yanawasha. Mtoto akitafuna jani, mara nyingi atalitema kwa uchungu wake. Akimeza kidogo anaweza kuumwa tumbo au kutapika mara moja mbili. Mfute mdomo, mpe maji, mwangalie. Yakigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni. Wapo wanaotoka upele, hasa wale ambao miili yao haipatani na glavu za mpira. Jicho ndilo la kuangalia zaidi. Tone likiingia, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, bila kusugua, na kama baada ya hapo linauma au linaona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nenda pia kama mtoto anatapika bila kukoma, midomo inavimba au anapumua kwa shida.

Na kwa kuwa umeanza kukagua lupango kwa macho ya bibi, kagua yote. Kama una loriye-roze, lile la maua ya waridi na majani membamba magumu, hilo ndilo la kumweka mtoto mbali nalo: sumu yake inagusa moyo, na iko katika majani, maua na hata vijiti. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani unaopandwa kama ua wa kuzungushia nyumba, ni ndugu wa ua lako la Noeli, lakini maziwa yake ni makali zaidi na yakiingia jichoni yanaweza kulijeruhi vibaya. Watu huishi nayo mimea hii miaka mingi bila neno, kisha wanaliogopa ua la Noeli kwa sababu lina jina.

Sasa rangi. Vunja tawi moja lililoiva, ulisogeze karibu na macho. Yale makubwa mekundu siyo maua. Ni majani: yana mishipa, yana kikonyo, na ukishuka na tawi utakuta moja au mawili yaliyokwama katikati ya safari, nusu kijani nusu jekundu. Maua yenyewe ni zile punje za kijani na njano zilizobanana kileleni, kila moja kama kikombe kidogo, na ubavuni mwa kikombe kuna mdomo wa njano unaong'aa kwa asali. Sisimizi wanaujua mdomo huo kuliko sisi. Jambo hili lina faida sokoni: ukinunua ua Desemba, tazama vikombe kabla ya kutazama wekundu. Vikiwa bado vipo na vimefumba, una wiki nyingi za rangi mbele yako. Vikiwa vimekwisha kudondoka, wekundu nao uko njiani kuanguka, hata kama muuzaji anaapa.

Kwa hiyo swali lako hasa ni hili: kitu gani huyaambia majani ya kileleni yaache kijani? Jibu ni usiku. Ua hili linahesabu urefu wa giza. Usiku ukiwa mfupi linatoa majani ya kawaida na kurefuka. Usiku ukifika karibu saa 12 na kuendelea kuongezeka, linaanza kutengeneza vikombe, na majani yanayovizunguka yanageuka rangi. Kuanzia siku linapopata ujumbe hadi liwe jekundu kamili huchukua wiki 7 hadi 10, kutegemea aina.

Tazama basi usiku wetu wa Lubumbashi. (Saa naziandika kama zinavyosomeka kwenye simu.) Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza kama saa 5h45 na kuzama kama 18h30, kwa hiyo usiku una saa 11 na dakika kama 12. Mwishoni mwa Juni linachomoza kama 6h30 na kuzama kabla kidogo ya 18h00, na usiku unapita saa 12 na nusu. Tofauti ni saa moja na robo hivi. Sisi hatuioni sana, ila kwa yule anayetoka kazini giza limeingia. Ua linaiona vizuri. Usiku wetu unaanza kuzidi mchana baada ya Machi, ua linapokea ujumbe, na kufikia Mei lako likaanza kugeuka. Limefuata hesabu yake bila kukosa hata wiki.

Linaitwa la Noeli kwa sababu kwao ni Meksiko, kaskazini mwa Ikweta, ambako usiku mrefu unakuja Desemba. Waazteki walikuwa na jina lao, cuetlaxochitl, muda mrefu kabla ya Noeli kufika huko. Balozi mmoja wa Marekani, Joel Roberts Poinsett, alilipeleka kwao katika miaka ya 1820, na ndipo likapata jina la poinsetia. Likashuka huku kwetu na jina la sikukuu ya Desemba, lakini mti haukupewa kalenda, ulipewa usiku. Desemba ya Meksiko, kwa mti, ni Juni ya Lubumbashi. Na lile ulilonunua mwaka juzi lilikuwa jekundu Desemba kwa sababu kuna mtu, kitaluni, aliyelifunika giza kila jioni kwa wiki nyingi. Ulinunua ua pamoja na kazi ya mtu huyo. Ua lilibaki kwako, kazi ikaisha.

Kuhusu baridi, jirani yako ameona vizuri ila amefunga ng'ombe kwenye mti usio wake. Baridi na usiku mrefu vinakuja pamoja huku kwetu, Juni na Julai, ndiyo maana mtu anaona kimoja kimezaa kingine. Lakini ushahidi umesimama langoni kwako. Upande wa ndani na upande wa lango wamelala katika baridi ile ile, wamekunywa maji yale yale, wako kwenye shina moja. Kilicho tofauti ni taa. Penye giza pamekuwa pekundu, penye taa pamebaki kijani. Hata maabara isingepanga jaribio zuri kuliko hilo. Tena baridi kali inaliudhi: usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, kama unavyoshuka hapa Julai, majani ya chini yanakuwa ya njano na kudondoka. Ukiona hivyo mwezi huu, hiyo ndiyo kazi ya baridi. Kama lupango iko bondeni, ambako hewa baridi hutulia alfajiri, litadondosha zaidi.

Kwa nini taa ndogo tu iharibu? Ndani ya majani kuna chembe inayopokea mwanga, wataalamu wanaiita fitokromu. Mchana mwanga wa jua unaiamsha. Giza likiingia inaanza kusinzia, polepole, saa baada ya saa. Ikipata usiku mrefu bila kukatizwa, inalala kabisa, na hapo majani yanatuma habari kwenye ncha za matawi: acheni majani, tengenezeni maua. Taa ikiwaka katikati, chembe inaamka na hesabu inaanza upya. Kwa hiyo saa 6 za giza, taa, kisha saa 6 nyingine haziwi saa 12. Kwa mti ni usiku mbili fupi. Kipimo cha mkono ni hiki: simama karibu na ua usiku na gazeti. Ukiweza kusoma maandishi kwa mwanga unaofika pale, ua nalo linausoma. Mbalamwezi haina shida. Na zile usiku ambazo umeme unakatika, ambazo watu tunanung'unika, kwa ua lako ni mapumziko; huenda ndiyo sababu ukakuta vijani vyekundu viwili vitatu hata upande wa lango.

Waliogundua siri hii hawakuianza kwa maua bali kwa tumbaku. Garner na Allard, watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, walikuwa na tumbaku kubwa isiyotaka kutoa maua wakati wa kiangazi, ikiendelea tu kurefuka. Wakaiingiza kwenye kibanda cha giza kila siku mapema alasiri, ikatoa maua. Walichapisha kazi hiyo mwaka 1920, na kila mwenye kitalu anayefunika ua la Noeli hadi leo anarudia kibanda chao.

Mbolea sasa. Hakuna mbolea itakayolifanya jekundu Desemba. Ukilimwagia urea kwa tamaa, litafurahi, litatoa majani makubwa ya kijani na kuongeza urefu, na utakuwa umelisaidia kukimbia mbali zaidi na unachotaka. Mbolea hulisha tu; muda wa rangi unapangwa na giza.

Na urefu wake si ugonjwa. Kwa asili huu ni mti mdogo, unafika meta 3 au 4. Zile fupi za kwenye chungu hupewa dawa ya kuzuia kurefuka, na matawi yao mengi yanatokana na kijidudu fulani kama bakteria kinachoishi ndani ya utomvu, ambacho hakiui mti bali kinaufanya uchipue kila upande. Wenye vitalu walikuwa wakikihamisha kwa kuunganisha matawi muda mrefu kabla ya kujua kuwa ni kijidudu. Dawa ikiisha nguvu, mti unarudi kwenye tabia yake.

Una njia tatu, na sitakuficha ipi naipenda. Ya kwanza ni kuuacha mti ulipo na kuukubali kuwa ua la majira ya baridi. Juni na Julai bustani zetu zimekauka, nyasi ni za kahawia, vumbi liko kila mahali, na mti mwekundu wa meta 2 langoni ni kitu ambacho Desemba, pamoja na kijani chote cha mvua, huwezi kukipata. Kinachotakiwa ni kuelekeza taa upande mwingine au kuizima kuanzia Machi hadi Juni, kama usalama unaruhusu. Na kama hauruhusu, usalama kwanza. Ya pili ni kununua jipya kila Desemba, kulifurahia wiki sita na kuachana nalo bila majuto. Watu wengi Ulaya hufanya hivyo. Ya tatu ndiyo uliyoiuliza: kulifunika. Inawezekana kabisa, lakini ni kazi ya kila siku kwa zaidi ya miezi miwili, bila Jumapili. Kama kwenu hakuna mtu anayekuwepo nyumbani saa 17h00 kila siku, chukua ya kwanza.

Kama umeamua ya tatu, mti ulio chini uuache, haufunikiki. Tengeneza mtoto wake. Wiki ya kwanza ya Agosti, vaa glavu na mikono mirefu, ukate vijiti vya unene wa penseli au zaidi kidogo, vilivyokomaa, sentimita 15 hadi 20, kila kimoja na vifundo vinne. Chini kata mshazari na juu kata sawa, ili usije ukavipanda kichwa chini, kosa ambalo ni rahisi kuliko unavyofikiri kijiti kikiwa hakina majani. Maziwa yatamwagika; chovya ncha kwenye maji ya vuguvugu yakome, kisha weka vijiti kivulini siku moja vikauke kidonda. Ukivipanda vibichi vinaoza.

Chukua ndoo au bidoni iliyokatwa ya lita 5, itoboe matundu sita chini, upana wa kidole kidogo. Udongo: sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mto, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa. Watu wa hapa tunapenda udongo wa kichuguu kwa kila kitu, na ni kweli una chokaa nzuri, lakini peke yake kwenye chungu unashikana kama tofali; konzi mbili zinatosha. Panda vijiti vitatu ndani ya chungu kimoja, nusu ya kila kijiti ikiwa chini ya udongo. Vitatu, kwa sababu mwaka wa kwanza kila kijiti kitatoa kichwa kimoja au viwili tu, na vitatu pamoja vinajaza macho. Agosti asubuhi bado ni baridi, kwa hiyo weka chungu mbele ya ukuta unaopigwa na jua, mwagilia pale tu kidole kikiingia sentimita 3 na kukuta pakavu. Baada ya wiki nne hadi sita vitakuwa na majani. Hapo anza kutia nusu kijiko cha chai cha mbolea ya NPK kila wiki mbili, mbali na shina, kisha maji.

Tarehe 1 Oktoba anza giza. Kila siku saa 17h00 funika, saa 7h00 asubuhi funua. Saa 14 za giza, saa 10 za mwanga, na mwanga huo uwe mwingi, jua la asubuhi likiwezekana. Kifuniko kizuri ni katoni kubwa mbili, moja ndani ya nyingine, zilizozibwa viungo kwa utepe. Kabla ya kuiamini, ivae kichwani saa 12h00 mchana, uwanjani. Watoto watacheka, waache wacheke. Kila nyota unayoiona humo ndani ni tundu; liwekee utepe. Ukiwa na stoo isiyo na dirisha, ni rahisi zaidi: unaingiza chungu jioni, unakitoa asubuhi. Ukiingia kuchukua makaa na taa ya simu nusu dakika, usijali. Kinachoharibu ni balbu ya stoo iliyosahauliwa hadi usiku wa manane.

Kosa linaloua mimea mingi kwenye kazi hii ni joto, kuliko hata mwanga. Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kali, na saa 17h00 jua bado linachoma. Katoni iliyofunikwa nailoni nyeusi ikiwa juani inageuka jiko; majani yanapikwa, na usiku wenye joto nao unachelewesha rangi. Hamisha chungu kivulini saa moja kabla, usitumie nailoni nyeusi kwa nje, na inua katoni juu ya vipande vya tofali kiasi cha kidole kimoja ili hewa ipite, ukihakikisha mwanga hauingii kwa chini. Kosa la pili ni kusahau. Usiku mmoja ukipotea katika wiki za mwanzo, utachelewa siku chache. Ukipoteza usiku tatu nne kila wiki, mti hautaelewa unataka nini na utabaki kijani hadi Mei. La tatu ni maji: mvua zikianza, Novemba, ua likiwa nje linaoza mizizi. Liweke kwenye barza. Na ukinunua ua lililofungwa karatasi ya kung'aa kwenye chungu, itoe au uitoboe chini, maana humo maji hukusanyika na mizizi kuzama.

Kufikia katikati ya Novemba utaona majani ya kileleni yakipauka, kisha yakichukua wekundu kuanzia kwenye mishipa. Hapo acha mbolea. Endelea kufunika hadi majani mekundu yawe yamefunguka vizuri, mwanzoni mwa Desemba. Baada ya hapo rangi haikimbii tena, unaweza kuliacha sebuleni na taa zote. Ukiona wadudu weupe wadogo wanaruka ukigusa majani, geuza jani: wako chini. Nyunyizia maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kijiko cha chai kimoja kwa lita moja, jioni, mara moja kila siku tano, mara tatu. Matawi yakilegea huku udongo umelowa, na shina ni jeusi kwa chini, hakuna dawa. Kata sehemu ya juu isiyooza, uipande upya. Na kama ni mti mkubwa wa langoni unaokauka tawi baada ya tawi, mwite mwagronomi auone wenyewe, na mizizi yake. Kwa picha mtu anabahatisha tu.

Ila kama unachotaka ni kitu chekundu cha Noeli kinachokuja chenyewe, misitu ya Katanga inacho. Kuna kitunguu cha porini, Scadoxus kwa jina la kitaalamu, kinacholala kiangazi chote chini ya ardhi, kisha mvua za kwanza zikigusa kinatoa bua moja na juu yake mpira mwekundu wa vijiua vingi, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Kizike kivulini, shingo ya kitunguu ikiwa usawa wa udongo, usikimwagilie Juni hadi Septemba, basi. Nacho kina sumu kikiliwa, kwa hiyo kikae mbali na jikoni, mahali ambapo hakuna atakayekidhania kitunguu cha mboga. Gloriosa, ule mtambao wenye maua ya miali ya moto, nao huchanua wakati wa mvua na ni mzuri kupita kiasi. Lakini viazi vyake vina sumu inayoua kweli. Kwa nyumba yenye wajukuu wawili, uuache porini.

Na mezani, badala ya ua, weka kinywaji. Ngai-ngai, ile mboga chachu, unaifahamu kwa majani. Ile ya mashina mekundu hutoa pia vifuko vyekundu vinene vinavyozunguka tunda. Nayo inahesabu usiku kama ua lako. Ukiipanda Novemba au Desemba, inakua kubwa wakati wa mvua, kisha usiku ukirefuka inachanua, na unavuna vifuko kuanzia Aprili. Ukichelewa hadi Februari inachanua ikiwa bado fupi kama goti, mavuno ni kiganja kimoja. Kisiwani Jamaika, ambako usiku mrefu ni wa Desemba, kinywaji hiki ndicho cha Noeli. Sisi tunavuna kabla ya baridi na tunakausha. Vifuko huanikwa kivulini penye upepo siku nne tano, na kilo 10 mbichi zinakupa kama kilo 1 kavu. Funga kwenye kopo lisiloingiza hewa, linafika Desemba bila kupoteza rangi. Jambo moja la Lubumbashi: kwa chochote kinacholiwa, usichukue udongo wa upande wa kaskazini-magharibi mwa bomba kubwa la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, maana moshi wa tangu 1911 umeacha humo shaba, risasi na kadimi.

Kinywaji chenyewe: gramu 50 za vifuko vikavu kwa lita 2 za maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa, chemsha dakika 10, funika kipoe, chuja, ndipo sukari. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au cha enameli, kwa sababu uchachu wake unakula aluminiamu. Kinashusha presha kidogo. Mwenye kumeza dawa za presha, au mwenye mimba, amuulize daktari kabla ya kukifanya cha kila siku.